Siku Moja Vienna kwa Abiria wa Meli ya Danube: Mwongozo Kamili wa Kushuka na Kutembea Mwenyewe

Karibu kila meli ya kitalii inayokwenda kati ya Passau na Budapest hupitia Vienna, na nyingi huupa mji huu siku nzima: zinafunga gatini alfajiri na kuondoka usiku. Ukisikia siku nzima unaona ni muda wa kutosha, lakini abiria wengi hapa ndipo wanapoipoteza siku yao. Wanataka makasri mawili, makumbusho matatu, soko, keki na onyesho la muziki, halafu jioni wanarudi melini miguu imevimba na kichwani wamebaki na basi tu.

Ushauri wangu unaweza usikupendeze: kama una siku moja, achana na kasri la Schönbrunn. Lina vyumba 1,441, limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, na kweli ni zuri. Ila lipo upande wa pili wa mji, tiketi zake ni za saa maalumu, na likishaingia kwenye ratiba linakula nusu ya siku. Mwongozo huu unakupitisha kwenye duara dogo la mji wa kale, kwa miguu, ukianzia na kumalizia kituo kimoja cha treni ya chini ya ardhi. Hata mzee wa miaka sabini anaweza kulimaliza akipumzika njiani. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi watu wanaoishi Ulaya na wamewaleta wazazi kutoka nyumbani, na wale wanaoruka moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat kuja kupanda meli.

Karatasi kabla ya yote

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary zote zimo, kwa hiyo kwenye njia ya Passau hadi Budapest viza moja inatosha. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Hesabu usiku wa melini kwa kufuata ratiba ya gati, usitazame uwanja wa ndege utakaotua. Bima ya safari inatakiwa ifikie angalau euro 30,000.

Angalia vizuri kama meli yako inashuka chini zaidi ya Budapest. Belgrade iko Serbia, na Serbia haimo Schengen. Ukitoka kwenda huko na kurudi upande wa Schengen unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mawakala wa meli mara nyingi hawaligusi jambo hili kwa sababu wateja wao wengi ni Wamarekani na Waingereza wasiohitaji viza. Wewe uliza mwenyewe, kwa maandishi.

Usiku wa kuamkia Vienna

Ratiba ya kesho huletwa chumbani jioni au hutangazwa kwenye skrini. Isome ukiwa na kalamu, utafute mambo matatu.

La kwanza ni gati. Meli nyingi hufunga kwenye kituo cha Schifffahrtszentrum, Handelskai, karibu na daraja la Reichsbrücke. Chache hupelekwa Nussdorf, kaskazini mwa mji. Maelekezo ya mwongozo huu yanaanzia Reichsbrücke. Ukiwa Nussdorf, fika kituo cha Heiligenstadt, panda treni ya mstari U4 hadi Schwedenplatz, kisha badilisha uingie U1.

La pili ni saa ya mwisho ya kurudi melini. Hii si saa ya kuondoka. Kwa kawaida huwa nusu saa kabla. Meli huandika 21:30, nasi tunasema saa tatu na nusu usiku. Ukiwa umechoka ni rahisi kuchanganya, kwa hiyo andika kwa namna unayosoma saa nyumbani, na kila mmoja katika kundi awe na kikaratasi chake. Nahodha wa mtoni hasubiri: ana zamu yake ya kupita kwenye malango ya maji ya mabwawa ya njiani, na ikimpita hiyo, safari nzima inachelewa.

La tatu ni ziara ya meli yenyewe. Kwa kawaida ni basi linalozunguka barabara ya Ring, halafu matembezi mafupi na mwongozaji, yote kama saa tatu, na mara nyingi umeshailipia ndani ya tiketi. Kama umekuja na mzazi, ichukue. Ila zungumza na mwongozaji mapema kwamba mtajitenga na kundi likifika Stephansplatz, uwanja wa kanisa kuu. Waongozaji wa Vienna wana leseni na wamelizoea ombi hilo. Wanachotaka ni kujua tu, wasije wakahesabu watu barabarani wakakukosa. Hapo utakuwa umepata mzunguko wa basi bure, na mchana uliobaki ni wako.

Usiku huohuo pakua ramani ya mji kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti. Weka pia noti ndogo za euro na sarafu za senti 50 kwenye mfuko wa mbele: kadi inakubalika karibu kila mahali, lakini vyoo vya umma na baadhi ya migahawa ya kahawa ya zamani bado vinataka pesa mkononi.

Kushuka

Chukua kadi ya kushukia mapokezi. Hiyo ndiyo hesabu ya meli ya nani yuko nje, kwa hiyo usishuke kimyakimya nyuma ya kundi. Pasipoti mara nyingi hubaki mapokezi safari nzima; ichukue kama utaihitaji, vinginevyo beba nakala yake pamoja na picha ya ukurasa wa viza kwenye simu.

Siku za msimu gati hujaa na meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu. Yako ikiwa ya nje, utapita ndani ya meli za wenzako hadi nchi kavu, na pengine mtapandishwa kwanza sitaha ya juu. Kwa mzee anayetembea na mkongojo hilo ni jambo la kujua mapema. Waambie wahudumu, watamshika mkono. Ukishakanyaga gati, piga picha mbili: namba ya gati, na meli yako pamoja na meli iliyo kando yake. Mpangilio unaweza kubadilika mchana ukiwa mjini, lakini namba ya gati na simu ya mapokezi zitakusaidia.

Usishangae ukikosa kuona mji. Mto wenyewe mkubwa haupiti katikati ya Vienna. Ulinyooshwa kati ya 1870 na 1875 kuzuia mafuriko, na tawi la zamani linalogusa mji wa kale sasa ni mfereji tu, Donaukanal. Baada ya hapo, kuanzia 1972, walichimba mkondo wa pili sambamba na mto, na udongo wake ukawa kisiwa chembamba cha kilomita 21, Donauinsel, ndicho kile cha kijani unachokiona ng'ambo. Kazi yote hiyo, na bado maji yana siku zao: Septemba 2024 mafuriko yalizizuia meli za abiria hapahapa Vienna zisiweze kwenda juu wala chini.

Daraja lililo mbele yako nalo lina kisa chake. Reichsbrücke lililotangulia lilianguka mtoni alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1976, siku ya Jumapili, mji ukiwa bado umelala. Hili unaloliona lilifunguliwa 1980, na U1 inapita ndani ya tumbo lake.

Kabla hujaondoka, tazama kanisa kubwa lenye minara na mapaa mekundu karibu na gati. Hilo ni la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwenye uwanja wa Mexikoplatz. Litakuwa alama yako ya kurudia.

U1 hadi Stephansplatz

Kutoka gatini tembea kuelekea kichwa cha daraja upande wa mji, kisha fuata Lassallestraße hadi kituo cha Vorgartenstraße. Ni dakika kama kumi kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka.

Tiketi hununuliwa kwenye mashine nyekundu. Chagua lugha ya Kiingereza. Kuna tiketi ya safari moja na ya saa 24. Ukipanga kwenda mjini na kurudi tu, nunua mbili za safari moja kwa kila mtu. Ukitaka kupanda na kushuka mara nne au zaidi, ya saa 24 ndiyo nafuu. Vienna haina mageti ya kukagua tiketi, unaingia tu, na hapo ndipo wageni wanaponaswa. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri wa saa kwenye kisanduku cha buluu, kabla ya kushuka jukwaani, ni sawa na kutokuwa na tiketi. Wakaguzi huvaa kiraia, na faini inazidi euro 100 kwa kila kichwa. "Sikujua" hawaipokei, hata kwa mzee.

Panda treni inayoelekea Oberlaa au Alaudagasse. Vituo ni Praterstern, Nestroyplatz, Schwedenplatz, na cha nne ni Stephansplatz. Shuka hapo. Mkoba uwe mbele ya kifua. U1 na Stephansplatz ndipo wachomoaji wanapofanyia kazi.

Kanisa kuu, halafu Graben

Ukitoka kwenye ngazi za umeme, kanisa la Stephansdom linakusimamia usoni. Fika kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, mabasi hayajamwaga watu. Sehemu ya nyuma ya kanisa unaingia bure na unaliona lote hadi madhabahuni. Kwa ziara ya siku moja inatosha. Paa lina vigae vya rangi karibu 230,000, ukilitazama utadhani mkeka wa ukili uliosukwa kwa rangi.

Minara ni miwili, na hapa watu hukosea foleni. Wa kusini, mrefu wa mita 136, unapandwa kwa miguu, ngazi 343 za kuzunguka kama konokono, nyembamba, bila pa kupumzikia pa maana. Wa kaskazini ni mfupi lakini una lifti, na juu kuna Pummerin, kengele ya zaidi ya tani 20. Ya kwanza iliyeyushwa 1711 kutokana na mizinga iliyotekwa kwa Waturuki waliouzingira mji 1683. Ikavunjika kanisa lilipoungua Aprili 1945, na hii ya sasa ikaundwa 1951. Ukiwa na mzee, lifti. Ukiwa peke yako na magoti mazima, panda wa kusini.

Nje utavamiwa na vijana waliovaa makoti mekundu na nywele bandia nyeupe, wakikuuzia tiketi za muziki wa Mozart. Hawana ubaya, ila wanauza maonyesho ya watalii kwa bei ya watalii. Anayependa muziki kweli na ambaye meli yake inalala Vienna, aende jengo la opera, ambako kuna nafasi za kusimama kwa bei ndogo.

Kutoka hapo ingia barabara ya Graben, ya wenda kwa miguu. Katikati kuna nguzo ya tauni, ukumbusho wa ugonjwa uliofagia mji 1679: mawingu ya marumaru, malaika, na chini yao kikongwe anayeporomoshwa, ambaye ndiye tauni yenyewe. Graben kuna pia vyoo vya chini ya ardhi vya 1905, vya mbao na vioo, na ni mahali pazuri pa kusimamisha kundi kabla ya kuendelea.

Hofburg kwa nje, Heldenplatz, na malkia wa reale

Kata kushoto uingie Kohlmarkt. Mbele yako kuba la kijani ni Hofburg, kasri la nasaba ya Habsburg waliotawala kutoka hapa hadi 1918. Pita chini ya kuba, ndani ya nyua, utokee upande wa pili. Usilipe kuingia vyumba vya ndani isipokuwa unapenda sana sahani na vijiko vya wafalme.

Unatokea Heldenplatz, uwanja mpana wenye jengo lililopinda kama upinde. Kwenye roshani yake, tarehe 15 Machi 1938, Hitler alisimama mbele ya umati mkubwa kutangaza kwamba Austria imemezwa na Ujerumani. Mexico ilipinga rasmi kwenye Shirikisho la Mataifa, na ndiyo sababu uwanja ule wa kanisa jekundu kando ya meli yako unaitwa Mexikoplatz. Jengo hilohilo la upinde sasa lina Weltmuseum, na ndani yake kuna shaba za Benin, yaani sanamu za ufalme wa kale ulio Nigeria ya leo. Wenye muda waingie. Ni vitu vya kutazamwa ukiwa na swali la vilifikaje hapa.

Vuka barabara ya Ring uingie Maria-Theresien-Platz. Mama aliyeketi juu ya kiti katikati ya bustani ni Maria Theresia, aliyefariki 1780. Mtu wa pwani anayo sababu ya kusimama hapa. Sarafu ya fedha yenye sura yake ilitumika Zanzibar, Oman, Uhabeshi na Bahari ya Shamu yote, na wafanyabiashara waliizoea na kuiamini kiasi kwamba iliendelea kugongwa kwa mwaka uleule wa 1780 hata baada ya yeye kufa. Ndiyo reale ya mabibi zetu, ile iliyotobolewa ikawa kidani au ikawekwa akiba sandukuni. Kiwanda cha sarafu cha Vienna kimeendelea kuigonga hadi zama zetu.

Majengo pacha kushoto na kulia ni makumbusho. Chagua moja tu, au usichague lolote. La sanaa, Kunsthistorisches, lina mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa michoro ya mchoraji Bruegel, ukiwemo Mnara wa Babeli wa 1563. Nje ya miezi ya kiangazi kwa kawaida hufungwa Jumatatu. La viumbe, Naturhistorisches, hufungwa Jumanne. Mimi ningeingia hili la pili kwa ajili ya kitu kimoja: sanamu ya mwanamke ya urefu wa sentimita 11, ya miaka karibu 30,000, iliyochimbwa 1908 kijiji cha Willendorf. Meli yako inapita mbele ya kijiji hicho ikiwa bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, na abiria wengi wakati huo wanakuwa mezani.

Chakula

Kwa asiyekula nguruwe, jihadhari na mambo mawili. Soseji za vibanda vya barabarani karibu zote ni za nguruwe au zimechanganywa. Na schnitzel: ikiandikwa Wiener Schnitzel peke yake, kwa sheria ya Austria ni nyama ya ndama, ikiandikwa "Wiener Art" au "vom Schwein" ni nguruwe. Hata ya ndama yaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza. Maneno ya kukariri ni Schwein (nguruwe), Rind (ng'ombe), Kalb (ndama), Huhn (kuku). Njia rahisi ni vibanda vya kebabu vya Schwedenplatz na Praterstern, vituo vyote viwili viko kwenye U1 yako. Wengi wa wenye vibanda ni Waturuki, na ukiwauliza kama nyama ni halali watakuambia.

Siku za kazi, migahawa mingi huwa na Mittagsmenü, chakula cha mchana kilichopangwa: supu na sahani moja kwa bei ya chini kuliko ya usiku. Maji usinunue. Ya bomba ya Vienna yanashuka kutoka chemchemi za milima ya Alps kwa mfereji uliofunguliwa 1873, na yanashinda mengi ya chupa. Jaza kwenye visima vya barabarani, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser".

Soko la Naschmarkt linasifiwa mno. Ni zuri kwa macho, lakini wauza zeituni wa lango la mbele watakuonjesha kisha wapime robo kilo kwa bei itakayokushangaza. Jumapili limefungwa.

Makaburi ya Kapuzinergruft

Sehemu hii waongozaji wengi wa meli huiruka, nami ningekiacha kila kitu kingine kabla ya kuiacha hii. Kutoka kwenye makumbusho, fuata Ring hadi jengo la opera lililofunguliwa 1869, geuka kushoto Kärntner Straße, kisha ingia Neuer Markt. Kanisa dogo la rangi ya udongo, halina fahari yoyote. Chini yake wamezikwa watu wa nasaba ya Habsburg karibu 150, tangu karne ya 17. Panafunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ada ni ya kawaida, na kiangazi ni mahali penye ubaridi mzuri.

Ngazi zinakushusha kati ya majeneza ya madini yaliyojaa mafuvu yenye mataji. Endelea hadi kwenye kuba la Maria Theresia. Jeneza lake na la mumewe ni moja, kubwa kama chumba cha kulala, na juu yake sanamu zao mbili zinainuka kitandani zikitazamana, kama watu walioamshwa na tarumbeta ya ufufuo. Miguuni mwao kuna sanduku la shaba tupu lisilo na pambo hata moja. Ni la mtoto wao Joseph II. Na pembeni, katika watu wote hao wa ukoo mmoja, yumo mmoja asiye wao: Karoline Fuchs, aliyemlea Maria Theresia. Malkia ndiye aliyetaka mlezi wake azikwe humu.

Mbele zaidi kuna chumba cha majeneza matatu. Katikati, juu ya kitako, ni Kaizari Franz Joseph, aliyefariki 1916. Upande mmoja mkewe Elisabeth, aliyeuawa Geneva 1898 kwa kuchomwa tupa iliyonolewa. Kwake hukosi maua. Upande wa pili mtoto wao, Rudolf, mrithi wa kiti, aliyejiua Januari 1889 huko Mayerling.

Ndiyo, ni yule wa Ziwa Rudolf. Machi 1888 msafara wa Mhungari Teleki na ofisa wa jeshi la maji wa Austria, von Höhnel, ulioajiri wapagazi Zanzibar na kuanzia safari Pangani mwaka uliotangulia, ulifika kwenye ziwa ambalo Waturkana na wenzao waliliishi na kuliita kwa majina yao miaka yote. Wageni wakalipa jina la mwana wa kaizari wao, na ziwa dogo la kaskazini wakalipa la mkewe, Stefanie. Rudolf mwenyewe hakuwahi kuliona, na hakupita mwaka akafa. Kenya ilirudisha jina la Turkana mwaka 1975. Kama una mtoto wa shule uliyekuja naye, mpe somo hili la historia hapahapa, mbele ya jeneza.

Miili ya wengi wa Habsburg hawa haikuzikwa yote mahali pamoja. Mioyo yao imo kwenye vikombe vya fedha kanisa la Augustinerkirche, na matumbo yako chini ya Stephansdom uliyoiona asubuhi.

Kahawa, kisha zawadi

Sasa keti. Mgahawa wa kahawa wa Vienna haukufukuzi; kikombe kimoja kinakupa kiti kwa saa nzima au zaidi, magazeti, na gilasi ya maji pembeni. Agiza Melange kama unapenda ya maziwa, kleiner Brauner kama unataka kali. Unalipia mezani. Bakshishi ni asilimia 5 hadi 10, na hutolewa kwa kutaja jumla: bili ikiwa 13.60, mpe noti useme "kumi na tano". Ukiacha sarafu mezani na kuondoka, unaonekana umesahau chenji. Sachertorte, keki ya chokoleti, jaribu mara moja kwa ajili ya kusimulia. Mimi nitakuambia uchukue strudel ya tufaha.

Zawadi za nyumbani nunua supamaketi, si Kärntner Straße. Biskuti za Manner zenye karatasi ya pinki na picha ya Stephansdom haziyeyuki njiani na ni rahisi. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua zaidi ya euro 75 duka moja, aombe fomu ya kurudishiwa kodi, apige muhuri uwanja wa ndege wa mwisho wa Ulaya. Jumapili maduka mengi yamefungwa, isipokuwa kama yale ya stesheni. Supamaketi ya Praterstern ndiyo mkombozi.

Ukiwa na saa mbili za ziada

Shuka Praterstern, kituo kimoja kabla ya chako. Bustani ya michezo ya Prater unaingia bure, na gurudumu kubwa la Riesenrad, la 1897, linakupandisha karibu mita 65 taratibu sana kwenye vibanda vya mbao.

Kwa Waislamu, msikiti wa Kituo cha Kiislamu, wenye mnara wa mita 32, uko ng'ambo ya mto na ulifunguliwa 1979. Kutoka Praterstern panda treni ya mjini hadi Handelskai, kisha U6 kituo kimoja hadi Neue Donau. Siku ya Ijumaa panga duara lote lizingatie hilo, kwa sababu kwenda na kurudi si chini ya saa moja.

Kurudi, na kama meli imeondoka

Anza kurudi saa moja na nusu kabla ya saa ya mwisho. Stephansplatz, U1 ya kuelekea Leopoldau, shuka Vorgartenstraße. Ukiona treni imetoka juani na maji yako chini yako, umepitiliza. Shuka Donauinsel, vuka jukwaa, rudi kituo kimoja. Kisha tafuta mapaa mekundu.

Ukichelewa, piga simu mapokezi kabla ya saa ya mwisho, si baada. Ikishaondoka, usikimbie kwenye teksi ukiahidi mamia ya euro. Meli ya mtoni ni ya polepole, treni inaiwahi. Ikielekea Bratislava, treni kutoka Wien Hauptbahnhof inachukua kama saa moja. Ikielekea Budapest, chini ya saa tatu. Ikipanda juu, Melk na Krems ni kama saa moja kila moja. Uliza mapokezi watafunga gati gani na saa ngapi, uwe umeketi hapo ukiwasubiri. Pasipoti ikiwa imebaki melini, nakala yako ndiyo itakayokutetea kwa mkaguzi wa mpakani. Na kama mambo yamekwama kabisa, namba ya dharura ni 112, na Kenya na Tanzania zote zina ubalozi hapahapa Vienna.